Hakuna mtoto wa Mwaloni aliyezaliwa mwizi

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapisha barua ya msomaji wa Nyegezi aliyeibiwa mashine ya boti usiku. Nampa pole kwa dhati. Mashine ya farasi 15 si kitu ambacho mvuvi hununua mara mbili, na nimeona familia ikiuza kiwanja kwa hasara kama hiyo. Lakini mwishoni mwa barua yake ndugu yangu huyo alisema mambo mawili yaliyonikosesha usingizi. La kwanza, kwamba wizi uko kwenye damu, na mtu mzima mwenye akili humtambua mwizi kwa kumtazama usoni. La pili, kwamba vijana wanaolala Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, wazolewe wote, na wananchi wenye hasira kali wasilaumiwe wakichukua hatua.

Nimekuwa afisa ustawi wa jamii hapa Mwanza tangu 1985 hadi nilipostaafu 2021. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuandika ripoti za watoto waliofikishwa mahakamani: mtoto ametoka wapi, analelewa na nani, anasoma au hasomi, ili hakimu aisome kabla ya kuamua. Namjibu msomaji wa Nyegezi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuamini anachokiamini yeye. Nilikiandika kwenye karatasi ya serikali, nikagonga mhuri, na mtoto wa watu akaumia.

Nianze na bibi yangu mzaa mama, wa Kwimba. Maisha yake yote alipikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa sababu kuni kwetu zilikwisha zamani. Alipofika uzeeni macho yake yalikuwa mekundu muda wote, yanatoa machozi hata asipokuwa na huzuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu wakaanza. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umekithiri, silaha zilikuwa zimezagaa baada ya vita vya Kagera, na polisi walikuwa mbali. Vijana wakashika pinde na filimbi, na ng'ombe wakarudi mazizini. Nasema hivyo kwa haki, maana waliotulinda walitulinda. Ila walipomaliza habari za wezi wa ng'ombe, wakaanza kuulizana habari za wachawi, na mchawi walimjua kwa macho yake. Usiku mmoja mjomba alimpakia bibi kwenye baiskeli akamkimbiza Magu. Kikongwe wa nyumba ya tatu kutoka kwetu hakuwa na mtoto mwenye baiskeli.

Nikiwa na kumbukumbu hiyo nikaingia Chuo cha Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, na mwalimu wetu akatufundisha kuhusu Cesare Lombroso. Huyu alikuwa daktari wa Italia. Alilichunguza fuvu la mtu aliyeitwa Villella, mtu wa Calabria aliyewahi kufungwa, akaona kishimo kisogoni ambacho yeye alidai kinafanana na cha wanyama wa chini. Juu ya kishimo hicho akajenga nadharia nzima, na mwaka 1876 akatoa kitabu akisema wapo watu wanaozaliwa wahalifu, binadamu waliorudi nyuma kwenye hatua ya kale, na kwamba miili yao huwasema: taya kubwa, masikio yaliyochomoza, mikono mirefu, ndevu chache. Wenzangu darasani waliandika. Mimi nilikuwa namwona bibi juu ya baiskeli.

Nikubali jambo moja kuhusu Lombroso. Kabla yake, kwa karne nyingi, Wazungu nao, kama tufanyavyo sisi, walimtaja shetani pale jibu lilipokosekana. Kisha sheria ikaanza kumwona kila mtu kama mfanyabiashara wa akili zake, anayepima faida na maumivu kabla ya kutenda. Lombroso aliwaambia waache vitabu, wamtazame mtu mwenyewe. Hatua hiyo ilikuwa na maana. Kosa lake ni kwamba alitazama fuvu akaacha maisha, tena hakuwalinganisha wafungwa wake na watu wa kawaida kwa uangalifu unaotakiwa. Kazi hiyo ilikuja kufanywa na Charles Goring, daktari wa magereza Uingereza. Aliwapima wafungwa wapatao 3,000, akawalinganisha na raia wasio na hatia, wakiwemo wanafunzi na wanajeshi, na mwaka 1913 akatangaza kwamba mtu mwenye umbo la mhalifu hayupo. Tangu Lombroso achapishe hadi Goring amjibu ni miaka 37. Sisi tuna zaidi ya miaka 100 tangu Goring, na bado tunasoma nyuso stendi.

Wala si wananchi peke yao. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa mkoloni ilikuwa na makosa ya uzururaji, na ndani yake mtu aliweza kushtakiwa kwa kuwa anashukiwa, au anajulikana kuwa mwizi, na haonekani ana njia ya kujipatia riziki. Nimeketi mahakamani mara nyingi nikisikiliza kesi hizo. Kijana hakuulizwa ameiba nini. Aliulizwa anafanya nini hapa, na suruali yake iliyochanika ilikuwa nusu ya ushahidi. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha kwetu hapa hapa, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Nilisoma maoni hayo mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Nilitamani yangekuja nikiwa na umri wa miaka 30.

Msomaji wa Nyegezi anataka pia adhabu ziwe kali zaidi. Hapo namjibu kwa maneno ya Mwitaliano mwingine, wa kabla ya Lombroso. Cesare Beccaria alikuwa kijana wa miaka 26 tu alipochapisha kitabu chake mwaka 1764, enzi ambazo watu walivunjwa mifupa hadharani. Alisema kinachomzuia mtu si ukali wa adhabu bali uhakika kwamba atakamatwa, na kwamba ataadhibiwa mapema. Nimezungumza na wezi wa mashine wengi kuliko yeyote aliyenituma kuandika ripoti zao, na sikuwahi kukutana na mmoja aliyeniambia alihesabu miaka ya kifungo kabla ya kuingia majini. Walihesabu kama kuna mwezi, kama doria ipo, na kama mlinzi amelewa.

Sasa nirudi kwenye hiyo damu. Mwaka 1827 serikali ya Ufaransa ilianza kuchapisha hesabu za makosa yaliyofika mahakamani nchi nzima. Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, akazitazama hesabu hizo akashangaa kuona idadi haziyumbi sana mwaka hadi mwaka, kana kwamba kuna bajeti imepangwa. Akafikia kusema kwamba jamii ndiyo inayoandaa uhalifu, na mkosaji ni chombo cha kuutekeleza. Mfaransa André-Michel Guerry akachora ramani, na mwaka 1833 akaonesha kwamba makosa ya mali yalikuwa mengi zaidi kaskazini, kwenye utajiri, kuliko kusini. Watu walikuwa wamezoea kusema umaskini ndio mama wa wizi. Ramani ikawaonesha kwamba mwizi hufuata penye cha kuiba. Huku kwetu hilo halihitaji ramani. Mashine haziibwi Kwimba.

Waliofuata walishuka kutoka nchi hadi mtaa, na hawa ndio walionifungua macho. Clifford Shaw na Henry McKay walikuwa Chicago, Marekani. Walikusanya kumbukumbu za wavulana waliofikishwa mahakama ya watoto kwa miongo kadhaa, wakaweka alama kwenye ramani, nyumba kwa nyumba. Wakakuta mitaa ile ile ya karibu na viwanda na katikati ya jiji inatoa watoto wengi mahakamani, muongo baada ya muongo, ingawa wakazi wake walikuwa wamebadilika kabisa: waliwahi kukaa Wajerumani na Waairishi, wakahama, wakaja Wapoland na Waitaliano. Waliohamia mitaa mizuri, watoto wao walipungua mahakamani. Walichapisha kazi hiyo mwaka 1942. Kama wizi ungekuwa kwenye damu, ungehama pamoja na damu.

Nina daftari nililoliandika kwa mkono wangu kwa zaidi ya miaka 20. Kuna mlima mmoja hapa jijini, sitautaja kwa sababu mtaa nao hubandikwa jina likaganda, ambako nyumba zimebanana katikati ya mawe, na maji yalikuwa yakipandishwa kwa ndoo kichwani. Watoto wengi wa daftari langu walitoka pale. Mwanzoni majina yalikuwa ya Wakerewe na Wajita. Baadaye yakaja ya watu wa Kigoma, kisha ya Bariadi na Maswa. Wapangaji walikuja msimu mmoja wakaondoka, hakuna aliyemjua mtoto wa jirani. Lakini upande wa pili wa mlima huo huo, umaskini ule ule, nilipokea kesi chache sana. Nilikwenda kuangalia. Pale kwenye kioski cha maji alikaa mama mmoja muuza vitumbua, na kila mtoto aliyepita saa za shule alimuuliza kwa jina la baba yake: "We wa fulani, mwalimu anajua uko huku?" Robert Sampson na wenzake walikuja kulipima jambo hilo kule kule Chicago na kulichapisha mwaka 1997: mitaa maskini sawasawa hutofautiana kwa uhalifu kufuatana na majirani wanavyoaminiana na wanavyothubutu kuingilia kati. Niliposoma hayo nilimkumbuka mama wa vitumbua. Hakuna aliyemlipa hata senti, na alipofariki hakuna aliyechukua nafasi yake.

Kuna Mmarekani mwingine, Robert Merton, aliyeandika mwaka 1938 kwamba jamii huwahimiza watu wote wapende utajiri, kisha ikawafungia wengi mlango wa kuufikia kwa njia halali, na hapo ndipo wengine huzunguka uani. Wanaokumbuka Mwanza ya miaka ya 1990 hawahitaji kufafanuliwa. Viwanda vya samaki vilipofunguliwa, minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki, yakawa na bei yake ya peke yake, na watoto wetu wakapanga foleni nje ya geti kusubiri mapanki, yaani kichwa na mifupa. Mvulana wa miaka 12 aliona yote mawili kwa wakati mmoja: gari jipya la tajiri mwenye boti 10, na mapanki kwenye ndoo ya mama yake. Sisemi hiyo ni ruhusa ya kuiba. Nasema aliyekua akitazama hivyo alikuwa na jambo la kufikiri ambalo mimi, mtoto wa mkulima wa pamba, sikuwa nalo.

Na tukisema wezi, tuwataje wote. Mwaka 1939 Edwin Sutherland aliwahutubia wanasosholojia wenzake wa Marekani akawaambia nadharia zao zina kasoro moja kubwa: zinaeleza wizi wa maskini tu. Akachunguza makampuni makubwa 70, akakuta yote yamewahi kuvunja sheria, karibu yote zaidi ya mara moja. Kitabu chake kilitoka 1949 majina ya makampuni yakiwa yamefutwa kwa hofu ya mashtaka, na majina hayo yakarudishwa mwaka 1983, yeye akiwa ameshafariki. Marehemu mume wangu alikuwa na boti moja. Kwa miaka mitatu aliuza samaki wake kwa wakala ambaye mizani yake ilipunguza kilo mbili katika kila kumi. Tuligundua siku tulipoazima mizani ya duka la nafaka. Jumla ya samaki waliopotea ingenunua mashine mbili. Wakala yule hakuwa na taya kubwa. Alikuwa mtanashati, mwenye sauti ya upole, na alitoa mchango wa kwanza kila palipokuwa na msiba. Hakuna mwananchi mwenye hasira kali aliyemfuata nyumbani.

Sutherland huyo huyo alifundisha kwamba uhalifu ni ufundi unaojifunzwa, kama useremala, kwa watu unaokaa nao karibu. Hapa sasa namfikia mtoto niliyemtaja mwanzo.

Mwaka 1994 niliandikiwa kesi ya mvulana wa miaka 13. Alikuwa amevuka kutoka upande wa Sengerema baada ya baba yake kuzama, akawa anabeba barafu Mwaloni na kulala kwenye magunia ya dagaa. Alikamatwa akiwa na sangara mmoja wa wizi. Aliwekwa mahabusu siku 11 na watu wazima kwa sababu chumba cha watoto hakikuwepo. Nilipokwenda kumhoji hakulia, hakuomba msamaha, alinitazama tu. Nikaandika kwenye ripoti: "Mtoto ni mkavu wa macho, haoneshi majuto, apelekwe mbali na mazingira haya." Mimi, mjukuu wa bibi yule, nilimhukumu mtoto kwa macho yake.

Akapelekwa shule ya maadilisho, mbali sana na ziwa, miaka mitatu bila kutembelewa na ndugu. Aliporudi Mwaloni alikuwa ameshapewa jina. Walimwita Mkono. Hakuna aliyekumbuka jina la kwao. Kikipotea kikombe, ameitwa. Ikipotea simu, ameitwa. Edwin Lemert aliandika mwaka 1951, na Howard Becker akaja kulieleza zaidi mwaka 1963, kwamba kosa la kwanza lina sababu nyingi, lakini kosa la pili mara nyingi linazaliwa na jina ulilobandikwa baada ya lile la kwanza. Mtu akifungiwa kila mlango isipokuwa mmoja, ataupita huo huo. Ndivyo ilivyokuwa. Ule ufundi wa kufungua mashine kwenye boti bila kelele, aliniambia mwenyewe, alifundishwa katika zile siku 11.

Aliiba, sikatai. Akafungwa, akatumikia, akaacha. Kisha mwaka 2003 ikapotea mashine ambayo hakuigusa. Watu hawakuuliza. Walimkuta amelala, wakamtoa nje. Nilimkuta hospitali siku ya pili, sikio la kushoto likiwa limekufa. Siku ya tatu mashine ikapatikana kambi ya ng'ambo. Shemeji wa mwenye boti alikuwa ameiweka rehani kwa deni lake. Pale kitandani ndipo nilipomuuliza kile ambacho nilipaswa kumuuliza mwaka 1994: kwa nini hukulia siku ile? Akasema mle mahabusu aliyelia usiku alipigwa na wakubwa, kwa hiyo ilipofika siku ya tano alikuwa amejifunza kutolia.

Travis Hirschi aliligeuza swali hili lote kichwa chini mwaka 1969. Badala ya kuuliza kwa nini watu wanaiba, aliuliza kwa nini wengi wetu hatuibi. Aliwahoji vijana zaidi ya 4,000 wa California, na jibu lake lilikuwa kwamba tunashikiliwa na kamba za watu tunaowapenda na mambo tunayoogopa kuyapoteza. Nilipokuwa chuoni na njaa, sikuchukua chakula cha mtu kwa sababu niliuona uso wa mama yangu. Yule mtoto alikuwa na uso wa nani?

Basi, ndugu yangu wa Nyegezi, kwa ajili ya mashine yako nakuomba jambo lingine, si msako. Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson waliandika kwamba wizi hutokea pale vitu vitatu vinapokutana: mwenye nia, kitu kinachobebeka, na kukosekana kwa mlinzi. Hatuwezi kuimaliza nia yote ya duniani, lakini viwili vilivyobaki viko mikononi mwetu. Wenye boti wa mwalo wako, pamoja na BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, mjenge stoo moja yenye kufuli mbili, mashine zilale humo, namba zake ziandikwe kwenye daftari, na taa ya sola iwake ufukweni. Kuhusu watoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwishasema wasichanganywe na watu wazima wanapozuiliwa. Wanaohusika hapa Mwanza watuambie hadharani ni vituo vingapi vina chumba hicho. Na mizani ya mialoni ikaguliwe bila taarifa, alfajiri, wakati samaki wanashuka.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima. Anashona nyavu kisiwani, Ukerewe, ana mke na mabinti wawili. Barua ya Nyegezi ilisomwa kwa sauti kambini kwao, yeye akiwa ameketi hapo hapo na sindano ya nyavu mkononi. Jioni yake alinipigia simu. "Mama," aliniuliza, "hivi kweli inaonekana usoni?" Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, kwenye gazeti lile lile. Amesema atamtuma mtu Nansio kununua nakala.

Afisa Ustawi wa Jamii mstaafu,
Kirumba, Mwanza